Ishirini na Tisa kwa Ishirini na Tisa

Tulipofika kumi na moja, baba alikuwa bado hai. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mimi na dada tuko fainali ya mpira wa vinyoya, seti ya tatu, tunaongoza kwa pointi mbili, na goti linaniuma.

Upande mmoja ukifika kumi na moja, mnapumzika dakika moja, na kwenye seti ya tatu mnabadilishana upande. Nilikuwa nakunywa maji baba mdogo alipoingia ukumbini akihema, akamvuta dada pembeni. Dada ndiye mkubwa. Mambo ya nyumbani huanzia kwake. Nikamwona anaitikia kwa kichwa, akachukua raketi yake na kurudi.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema tumalize haraka."

Baba alikuwa fundi cherehani. Mpira wa vinyoya alitufundisha uani, kamba ya kuanikia nguo ndiyo wavu, mistari akiichora kwa chaki yake ya kukatia vitambaa. Kinyoya kikianguka ni pointi, awe nani aliyeanzisha. Kikigusa mstari, kimeingia. Pointi zako zikiwa shufwa unaanzisha ukiwa kulia, zikiwa witiri, kushoto. "Na sifuri je?" dada akauliza siku moja. "Sifuri nayo ni shufwa, mama, usiionee." Tulicheka mpaka mama akatufukuza tusije tukachafua nguo zake. Seti ni ishirini na moja, alisema baba, ila mkilingana kwenye ishirini hakuna mshindi mpaka mmoja awe mbele kwa pointi mbili.

Hilo ndilo dada alilolisahau. Alipiga hesabu ya pointi kumi tu, kufumba na kufumbua, na hospitali alikolazwa baba ilikuwa ng'ambo ya barabara. Hata mimi ningepiga hesabu hiyo hiyo.

Tukalingana kwenye ishirini. Dada akaenda kuanzisha upande wa kushoto, yeye ambaye angeweza kuanzisha hata usingizini. Mwamuzi akamwonyesha kulia, akahama.

"Umelala?" nikamtania.

Ishirini na moja kwa ishirini na moja. Ishirini na mbili kwa ishirini na mbili. Hapo dada akaanza kuharibu. Kinyoya cha bure kabisa akakipiga wavuni, kingine akakitoa nje ya uwanja. Nikadhani amechoka. Nikajiambia, miaka yote amenibeba yeye, leo ni zamu yangu. Na nikambeba kweli. Nilikimbia kona zote, nikaokoa vinyoya vilivyokaribia kugusa sakafu, goti nikalisahau. Kila alipotupa pointi, niliikomboa. Sijawahi kucheza vile, si kabla wala baada. Baba mdogo alisimama mlangoni, simu sikioni, nikafikiri anampa baba matokeo.

Ishirini na tisa kwa ishirini na tisa. Hapo hata sheria inachoka: pointi ya thelathini inamaliza yote. Kinyoya kikapanda juu, kikaja katikati yetu. Dada akainua raketi, nikamwahi. Nikakishindilia, kikaangukia mstarini.

Watu wakapiga makofi. Dada hakumpa mtu mkono, alikuwa tayari anakimbilia mlangoni. Nikamfuata na raketi yangu, bado natabasamu. Baba mdogo alikuwa ameshusha simu.

Wodini, shuka lilikuwa limeshavutwa mpaka juu. Muuguzi alisema baba alituulizia sana. Sikulia. Nilihisi ganzi kuanzia vidoleni, na mpaka leo haijaniachia. Msibani nilipokea pole, nikashukuru, nikapanga viti. Watu wakasema huyu mtoto ana moyo mgumu.

Mimi na dada hatukuwahi kulizungumza. Jumapili iliyopita alikuja kunitembelea, tukaosha vyombo pamoja.

"Ningekwambia," akasema bila kunitazama. "Ila kila pointi niliona ndiyo ya mwisho."

"Najua."

"Halafu nikawa najaribu tushindwe."

"Hilo pia najua, dada."

Akasuuza sahani, akaigeuza huku na huku kana kwamba anatafuta doa.

"Ulicheza vizuri sana siku ile," akasema, akanipa niifute.