Katazo la Siku ya Turubai

Kabla mumewe, Mzee Seifu, hajafariki, nyumba ya Bi Moza pale Kariakoo ilikuwa haina saa ya kufunga mlango. Ikifika alasiri, kibaraza kinajaa: wauza vitenge waliochoka kusimama, wapagazi wenye kiu, mashoga kutoka Upanga, na kila mwenye neno lililomwasha ulimini. Nani kaachwa, nani kaongeza mke kimyakimya. Habari isiyopita kwa Bi Moza ilikuwa bado haijaiva.

Sasa yumo edani. Mtu wa eda hatembelei watu, anatembelewa. Na yeye hatembelewi. Siku za matanga watu walikanyagana mpaka barabarani, kisha wakapungua, wakapungua, hata ikabaki redio na mpangaji wake wa chumba cha uani, kijana Anuari.

"Wamenisusa," alikuwa akimwambia Anuari kila jioni. "Mimi Moza! Watu waliokula kwangu mpaka wakashindwa kuinuka!"

Siku moja akaagiza mchele na mkaa. Dereva wa bajaji, Athanas, akapiga simu.

"Mama, nipo hapa kona. Njoo uchukue mzigo wako."

"Nije wapi, baba, na mimi nimo edani? Leta mlangoni."

"Ramani inakataa, mama. Inasema mtaa wako magari marufuku. Trafiki akinidaka, faini utalipa wewe?"

"Marufuku tangu lini? Mtaa huu nimeletwa bibi harusi na gari!"

Athanas hakushawishika. Aliuacha mzigo kwa fundi cherehani wa kona, akaondoka. Aliyeubeba hadi ndani ni Anuari. Mchana Anuari huuza spea za simu. Akipata nafasi, yeye na wenzake huchora ramani ya jiji, ile ambayo yeyote anaweza kuisahihisha na madereva wengi huifuata. Bi Moza alipomsimulia maneno ya Athanas, kijana alitua gunia akajipiga kofi la paji la uso.

"Bi Moza, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Siku ya msiba, si turubai lilikatiza mtaa mzima? Malori ya bandarini yakawa yanajipenyeza, moja likataka kung'oa kamba watu wamekaa. Nikaingia kwenye ramani nikaweka magari hayaruhusiwi. Turubai likafunguliwa, mimi nikasahau. Na hata siku ile nilikosea. Nilitaka kuwaambia madereva hapa pana kero, bora wazunguke. Nikaandika marufuku."

"Si yale yale?"

"Siyo. Marufuku ni sheria. Bora uzunguke ni ushauri, na ramani yetu haiandiki ushauri. Tunaandika barabara ilivyo na nani anaruhusiwa kupita. Kuchagua njia ni kazi ya dereva na simu yake."

Bi Moza alikuwa hasikii tena. Uso ulimchangamka kwa mara ya kwanza tangu matanga.

"Kwa hiyo Violeth alisema kweli!"

Violeth ni shoga yake wa Upanga, wamepika pamoja shughuli zote tangu wasichana, na sasa ana magoti mabovu, hatoki bila bajaji. Aliwahi kupiga simu kwamba bajaji imemshusha mbali, magoti yamekataa, amerudi nyumbani. Bi Moza hakumwamini hata chembe, na alimsengenya kwa kila aliyepokea simu yake.

"Masikini shoga yangu, nimemla nyama bure! Toa, Anuari. Litoe hilo katazo sasa hivi."

Akalitoa hapo hapo. Mpaka badiliko hilo linafika kwenye simu za madereva, Bi Moza alishawapigia mashoga zake wote. "Njia iko wazi! Ilikuwa ramani tu, jamani, ramani!"

"Si nilikwambia?" Violeth akacheka. "Jumamosi nakuja, shosti. Ukitoka eda tutacheka kama zamani."

"Jumamosi bado nimo edani."

Kicheko cha Violeth kikakatika. "Haya. Nakuja hivyo hivyo."

Jumamosi Bi Moza akapika pilau, akapanga vikombe, akakaa dirishani. Mtaa wa pili ulikuwa umezibwa na magari yanayoshusha mizigo ya jumla, kwa hiyo simu zilikuwa zikiwapitisha madereva wote hapa. Bajaji ilifuata bajaji. Mbele ya kibaraza chake pana shimo, na kila moja ilipunguza mwendo pale, naye kila mara akainuka.

Alasiri ikaja moja yenye abiria wa kitenge cha kijani, mifuko ya madukani imejaa magotini. Ikafunga breki shimoni.

"Violeth! We Violeth! Nipo hapa, mwenzangu!"

Violeth akageuka. Macho yao yakakutana vizuri kabisa, hatua chache tu kati yao. Kisha akainamia simu yake, akamgusa dereva bega. Bajaji ikaruka shimo, ikaenda zake.

Anuari aliporudi kutoka kazini alikuta sahani zimefunikwa vilevile.

"Shikamoo, Bi Moza. Wageni vipi?"

"Marahaba. Wamepita. Kazi yako nzuri, baba, wanapita wote."

Anuari akatazama sufuria, akatazama chini.

"Nataka unifanyie jambo," Bi Moza akasema. "Lirudishe lile katazo."

"Siwezi, Bi Moza. Mtaa uko wazi. Nitakuwa naandika uongo, na ramani ni ya watu wote."

"Mbona mwanzo uliandika?"

"Mwanzo palikuwa na msiba."

"Na sasa pana nini?"

Kijana akavuta kigoda, akafunua sahani moja, akajipakulia pilau lililopoa. Nje bajaji nyingine ilipunguza mwendo kwenye shimo. Bi Moza akashika kizingiti cha dirisha, akajiinua nusu, mpaka mlio ulipoishia upande wa pili wa mtaa.