Ahadi ya Verna Stolpe

Wakfu wa familia ya Stolpe una wadhamini watatu na hauna ofisi. Wadhamini hukutana jikoni kwa mmoja wao, Verna Stolpe, nje kidogo ya mji wetu wa Nebraska, nami huwawekea hesabu. Buti za watoto wa shule na majokofu ya ghala la chakula vyote vimetoka kwenye wakfu huo. Hakuna ombi linalopitishwa kabla Verna hajaenda kujionea mwenyewe. Maktaba ilipoomba paa, alisubiri siku ya mvua, akaenda kukaa chini ya pale panapovuja.

Februari iliyopita wazima moto wa kujitolea waliandaa kifungua kinywa chao cha kila mwaka cha kuchangisha fedha, chapati za maji na soseji. Gari lao la wagonjwa lilikuwa limezimika njiani zaidi ya mara moja, na hospitali iko mwendo wa saa nzima. Lisipopatikana jingine kabla ya kiangazi, huduma ingefungwa. Rhonda Pribyl, mkuu wa huduma hiyo, alisimama akasema bado wamepungukiwa na dola elfu arobaini.

Verna aliinuka, uma mkononi. "Hizo niandikieni mimi. Verna Stolpe."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Akaletewa kadi ya ahadi, akatia sahihi.

Jumanne tulikutana jikoni kwake.

"Shangazi, hizo chapati za maji umezinunua ghali," alisema Dale, mpwa wake, ambaye naye ni mdhamini.

"Andika hundi ya wakfu, acha maneno."

Ilibidi niseme. Fedha za wakfu haziruhusiwi kulipa ahadi ambayo mdhamini ameitoa kwa jina lake mwenyewe. Kisheria ni sawa na kumtilia fedha hizo mfukoni.

"Kwani mimi na wakfu si kitu kimoja?"

"Kwa sheria, hapana."

Hakuuliza hivyo kwa ujanja. Familia ile imezoea kusema "sisi" kwa vyote viwili, tangu enzi za baba yake.

Dale alisogeza kiti. "Basi tuichane kadi. Mwambie Rhonda ulikuwa unausemea wakfu. Nani atabisha?"

Hakuna ambaye angebisha. Verna alijimiminia kahawa.

"Walinipigia makofi mimi, Dale. Na mimi nikayapokea. Mitamba wanauzwaje siku hizi?"

"Shangazi! Si ulisema wale utakufa nao?"

"Nimebadili mawazo. Nitakufa na paka."

Mitamba hao, ng'ombe jike wachanga, wekundu wenye nyuso nyeupe, alikuwa amewazalisha mwenyewe tangu afiwe na mumewe. Hakuwa na mali nyingine ya kuuza isipokuwa nyumba.

Siku ya mnada banda lilijaa. Kwetu, mnyama akiuzwa kwa ajili ya jambo la hisani, mnunuzi hulipa kisha humrudisha ulingoni auzwe tena, na tena, fedha zote ziende kwenye jambo hilo. Jirani yake, Merle Hruska, alimnunua mtamba wa kwanza, akainua kofia.

"Mrudisheni! Auzwe tena, tumlipie Verna ahadi yake!"

Watu wakaitikia kwa kelele. Verna alisimama penye uzio.

"Merle, kaa chini. Ahadi niliitoa mimi. Wewe siku ile ulikuwa unakula soseji."

"Wewe mama, ukaidi huu utauacha lini?"

"Nikizikwa. Kama fedha zinakuwasha, muuze kwa ajili ya dizeli. Gari haliendi kwa makofi."

Banda lilicheka, na mtamba yule akauzwa tena na tena, hadi mwendesha mnada akapaza sauti kuomba maji. Hizo zikawa fedha za dizeli. Waliofuata waliuzwa mara moja tu kila mmoja, kwa bei ya soko, na fedha zao zikaingia katika akaunti ya Verna mwenyewe. Nilizihakiki. Zilitosha, na baki yake ilikuwa ndogo sana.

Verna aliandika hundi palepale, juu ya boneti ya gari la Dale. Rhonda aliisoma, kisha akatazama zizi.

"Hukubakiza hata mmoja?"

"Nimebakiza mmoja, yuko nyumbani. Ana mateke, hakuna mwenye akili atakayemnunua."

Gari jipya lilifika Mei. Huduma haikufungwa.