Aya ya Sabuni

Mimi ndiye niliyependekeza sabuni itozwe kodi kama bidhaa nyingine. Ilikuwa aya moja tu katika ripoti ya wizara: sabuni kila mtu anatumia, kwa hiyo mzigo utagawanyika sawa. Mkurugenzi aliisifu, nami nikavimba kichwa.

Miezi mitatu baada ya kodi kuanza, nilipita kwa dada yangu kama kila Jumamosi. Dada ni dobi. Ndiye aliyenisomesha kwa kufua nguo za watu, na mpaka leo huniita Msomi, nusu sifa, nusu kejeli. Siku hiyo kamba za uani zilikuwa tupu, na juu ya meza ya pasi kulikuwa na masufuria.

"Mama Pasi yuko wapi?" niliuliza. Huyo ni mjane aliyempigia pasi miaka minane.

"Nimemwambia apumzike wiki hii. Kumwambia kazi imekwisha nimeshindwa, mdomo umekataa. Zahanati niliyokuwa nawafulia wamewapa shuka zao wale wa kampuni kubwa ya kufua. Sabuni ilipanda, nami nikaongeza bei kidogo. Wenzangu hao wa kampuni bei yao haikusogea! Sijui wanafulia maji matupu?"

Mimi nilijua, na roho iliniuma. Kampuni imesajiliwa kwa kodi hiyo, kwa hiyo kodi inayolipa kwenye sabuni huidai na kurudishiwa. Biashara ya dada ni ndogo mno kusajiliwa. Akishalipa dukani, imekwenda hiyo. Haya niliyasoma chuoni, nikafaulu vizuri tu. Nilipoandika "sawa" hayakunijia kabisa.

"Hebu waambie hao wa ofisini kwenu, Msomi."

"Dada, ni mimi niliyeandika."

Alijifuta mikono kwenye gauni, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Ulimuuliza nani?"

"Nilitumia takwimu za nchi kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Na kila Jumamosi uko hapa unakula chakula changu. Ulimi ulikuwa umeuacha wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kujitetea: nitamwona mkurugenzi, nitaandika upya, bajeti ijayo...

"Andika," alinikatiza. "Ila kwanza hili." Alibonyeza simu yake, akanishikisha. "Mwambie Mama Pasi wewe mwenyewe."

Ilipokelewa kabla sijajipanga.

"Bosi wangu!" Sauti ilijaa furaha. "Shuka zimerudi, eti? Nakuja sasa hivi, nimeshavaa viatu."