Sare za Upande wa Baba

Mdogo wangu Badru alipoanza kukaa kitini saa tatu mfululizo bila kuinuka, mimi nilikosa raha.

Sote ni mafundi cherehani, mimi nashonea Mkuza, yeye Kongowe, na sote hatujatulia tangu tumboni. Mama alisema mimba zetu zilikuwa kama kubeba kuku. Mwaka jana nilimsindikiza Badru hospitali. Daktari alimuuliza maswali, nikawa najibu mimi kabla yake. Akasema Badru ana ADHD, akili isiyokaa kitako, halafu akanitazama na mimi. Badru akapewa tarehe ya kurudi, akaisahau. Mimi wa kumkumbusha nikaisahau zaidi.

Baadaye akanieleza kwamba kajitafutia dawa yake: bangi. Asubuhi anavuta kidogo nyuma ya banda, kelele za kichwani zinazimika kama redio ya jirani umeme ukikatika. Nilimgombeza kikaka. Kisha nikarudi Mkuza, nikainuka kitini mara kumi na moja kabla sijamaliza kola moja.

Watu wakaanza kumsifia. Asubuhi wanampita kainamia cherehani, jioni wanamkuta palepale. Hata mke wangu Fadhila akasema kumbe kutulia kunawezekana kwenye ukoo wetu. Nilicheka, lakini kwa mdomo tu.

Ikafika shughuli ya Raudha, binti wa kaka yetu mkubwa, anatolewa mwali Kisarawe. Kila upande, wa baba na wa mama, huvaa sare yake, na watu hawafichi, wanasema upande upi umependeza. Sare za upande wa baba miaka yote nashona mimi. Safari hii zilikuwa ishirini na nne, kitenge cha kijani, na dada yetu Shamsia, msimamizi wa sare, akampa Badru. Alinipigia kwa upole, na upole ndio uliouma.

"Wewe ni fundi, Kitwana. Ila mwenzio siku hizi katulia."

Ijumaa, siku mbili kabla ya shughuli, wivu ukanipeleka Kongowe. Nilipanga nitafute kasoro kwenye zile nguo, na nikiikosa, nimwombe na mimi kijiti cha bangi.

Nilikuta gauni moja limetundikwa. Shingo yake imedariziwa majani madogo madogo, hakuna uzi uliopinda. Nilitafuta kasoro mpaka macho yakaniuma. Nikauliza nyingine ziko wapi.

Akachungulia chini ya meza. Kitenge kilikuwa kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani.

"Kesho naanza kukata. Si Jumapili ya wiki ijayo?"

"Keshokutwa, Badru."

Akaweka sindano chini. Wiki tatu alikuwa akishona ile shingo, anafumua, anashona tena, akidhani ni siku nne.

"Kichwa kimetulia, kaka," akasema. "Na kazi nayo ikatulia."

Nisidanganye, kwanza nilifurahi. Simu ilikuwa mkononi, namba ya Dada Shamsia iko juu kabisa. Neno moja tu, na sare za ukoo zingekuwa zangu mpaka nife. Badru aliiona ile simu.

"Mpigie tu. Ni haki yako."

Angebisha, ningepiga. Nikaitia simu mfukoni, nikamwambia akate.

Tuliweka cherehani mbili, moja kila pembe. Nikichoka kukaa huku nahamia kule, kwa hiyo kila nilipoinuka niliinukia kazini. Kila gauni lililokwisha lilibanwa kwenye kamba ya kuanikia, tujue tumefika wapi, maana vichwa vyetu havikuwa vya kuaminiwa. Bangi yake alinipa nimshikie, nikaitupa chooni. Jumamosi alikuwa mkali kama pasi ya mkaa, akarusha mkasi, akaufuata, akaendelea kukata.

Jumapili Kisarawe upande wa baba ulitoka wote kijani. Ishirini na tatu zilikuwa nguo za kawaida, mbili mapindo yamepanda. Ile moja ya darizi aliivaa Dada Shamsia, na wanawake wakamzunguka wakiishika shingo, wakiuliza fundi ni nani. Nilisimama pembeni na sahani ya pilau, wivu umerudi mzima mzima, nimeshaandaa kinyongo cha mwaka.

Ndipo nikamsikia Badru akimwambia Dada mbele yao: "Mimi nimeshona hiyo tu. Nyingine ni za kaka. Bila yeye leo mngetoka na khanga za nyumbani."

Dada akanigeukia. Nilikosa hata pa kukiweka kile kinyongo, nikamwambia Badru yule daktari huona wagonjwa Alhamisi, hii ijayo tutaenda sote wawili.

"Nani atamkumbusha mwenzie?" akauliza.

Tukamwomba Fadhila.