Karafuu wa Dada Mounia

Shuleni nilikuwa na daftari la mapenzi. Si la barua, la maneno. "Gundi" ni msichana anayekufuata kila uendako, anakuacha kwenye mlango wa msikiti tu. "Mgao" ni mpenzi wa aina ya umeme wa mji wetu mkuu, Moroni: leo yupo, kesho hayupo, na hakuna wa kumuuliza. "Vanila" ni yule asiyezaa tunda mpaka mtu amshike kwa mkono. Darasa zima liliyatumia, nami nilitembea kifua mbele kama mtu aliyevumbua chumvi.

Jina lililovuma kuliko yote nilimpa shemeji yangu. Soulé alitoka Mutsamudu, kisiwani Nzwani, akamwoa Mounia, binti wa mama yangu mkubwa, akahamia kwake Itsandra na sanduku moja, maana kwetu nyumba ni ya mwanamke. Siku ya kwanza tu nikamwambia, "Shemeji, wewe ni Karafuu. Umetoka kisiwa cha karafuu, na hata dada akikufungia kabatini, mtaa mzima utajua upo."

Alicheka mpaka akakohoa. Mounia akalichukua lile jina, akalifanya lake. "Karafuu wangu, chai tayari." Watoto wa mtaa nao wakalidaka.

Halafu Nzwani ikajitenga na visiwa vyetu vingine, wakubwa wakarushiana maneno redioni, na Aprili ya 1999 vijana wa Moroni wakapanga mawe barabarani, wanawasaka watu wa Nzwani wawarudishe kwao. Nilikwenda kutazama. Sikushika jiwe wala fimbo. Nilibeba mdomo wangu tu.

Ikaja teksi kutoka Itsandra. Ndani yake, Soulé.

"Mtu wa wapi wewe?" kijana mmoja akamuuliza.

"Wa Itsandra, ndugu zangu," alijibu, kwa Kingazija cha kisiwani kwetu, safi kuliko changu. Miaka saba ya kubishana na mama mkwe si mchezo.

Kijana akampungia dereva apite. Teksi ikaanza kuondoka. Na mimi, nyuma ya watu, nikataka wacheke. Basi, ni hilo tu.

"Karafuu! Chai tayari!"

Walicheka kweli. Kisha mmoja akaacha kucheka, akaisimamisha teksi. "Kwa nini Karafuu?"

Kabla ya magharibi Soulé alikuwa kwenye boti ya Nzwani, hana kitu ila shati lililo mwilini.

Mounia anajua kuna mtu alipaza sauti. Hajui nani. Na kwa kuwa alisoma chuo cha Kurani tu, maandishi ya Kifaransa hayajui, anayemwandikia barua za Mutsamudu ni mimi.

"Anza: Karafuu wangu."

"Dada, tutie jingine? Roho yangu, tulizo langu… ninalo daftari zima."

"Irfane, usinichezee. Humu ndani jina lake ndilo hilo."

Nikaandika. Barua tatu, zote zinaanza hivyo.

Juzi limefika jibu, baharia mmoja kalileta kifuani. Mounia akauacha mchele ndani ya maji, akafuta mikono kwenye leso, akaketi kizingitini. "Soma. Polepole."

Nikasoma. Anabeba mifuko bandarini. Mgongo unamuuma. Je, bati la jikoni limezibwa, au bado ndoo ndiyo fundi? Mounia akacheka, mara ya kwanza tangu Aprili. Hapo macho yangu yakatangulia kwenye mistari ya mwisho.

"Irfane, najua msomaji ni wewe. Sauti ile niliijua. Sikumwambia mke wangu. Mwambie wewe, kwa mdomo uleule."

Ningeweza kuruka. Ningesema anakusalimu sana, wasalamu, naye angelala na furaha.

"Mbona umenyamaza?"

Nikasoma. Yote, mpaka nukta.

Mounia alinyoosha mkono. Aliitwaa karatasi, akaikodolea herufi asizozijua, kisha akaweka kidole karibu na mwisho.

"Ni hapa?"

"Hapo, dada."

Akanirudishia.

"Soma tena."