Meno ya Mwenye Nyumba

Baiskeli Elinipa aliijua tangu utotoni, lakini baiskeli ya kazi: ya kupakia mikungu ya ndizi kwenda sokoni, ya kumkimbiza mgonjwa zahanati. Kumbe ipo na ya starehe. Unaendesha taratibu ukingoni mwa mto, unasimama kutazama ndege, unakunywa chai, halafu unarudi ulikotoka. Hiyo alifundishwa na Waingereza. Kwao, walimsimulia, watu wazima wanamaliza wiki nzima namna hiyo, njia tambarare kando ya mto, nyasi zimefyekwa, bata wanaelea. Mwanzoni alidhani wanamtania. Baadaye kazi ikamnogea, akawa yeye ndiye wa kuwaongoza wageni kutoka barabara kuu ya Maji ya Chai, kupanda na mto polepole, mpaka kwenye migomba ya kwao, kwa mama yake.

Na utamu wa safari ulikuwa kwa mama. Mama Magdalena alikaanga kahawa mbele ya wageni, akawapa mchi watwange, na wakishindwa akawacheka mpaka machozi. Kicheko chake kilisikika shamba la tatu. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, lakini wageni walikuwa wakiagana naye wanamkumbatia mara mbili mbili.

Mwenye kampuni iliyomwajiri Elinipa, Romanus, hakukipenda kicheko hicho hata kidogo. Yeye si mtu wa Meru. Watu waliokulia maji ya huku meno yao ni ya kahawia, na wala si ugoro, wala si uchafu. Ni floridi iliyomo majini, inaingia kwenye meno ungali mtoto, na hakuna mswaki wa kuitoa. Elinipa ana meno hayo, mama yake anayo zaidi, mchungaji wao anayo, na hatujasikia mtu aliyekosa mume au mke kwa ajili hiyo.

"Yanatia kinyaa," Romanus alimwambia waziwazi ofisini kwake mjini, mtaa wa Sakina. Aliyasema hayo huku anajichokonoa jino kwa kijiti. Kipande cha nyama kilipotoka alikitazama, akakipangusa ukingoni mwa meza, akaendelea kuongea habari za usafi. Akampa Elinipa barakoa, eti wageni wakiuliza aseme ni ya vumbi. Elinipa akaivaa. Kazi aliitaka, akajikausha, msimu mzima akacheka kwa macho tu.

Basi siku hiyo wageni walikuwa wawili, Hilary na mumewe Clive, wastaafu wote, watu wa utani. Romanus aliwapokea kwa bashasha, na walipoanza kupanda baiskeli akamnong'oneza Elinipa, "Umemwona yule mzee? Umri ule, meno yote, meupe. Wenzetu wanajipenda." Akaingia kwenye gari, akatangulia.

Njia ilikuwa nzuri mpaka walipofika kwenye daraja la miti. Hapo mto ulikuwa umekusanya pampasi zilizotumika, zimenasa kwenye mizizi, zimevimba, nzi juu yake. Elinipa akaona haya mpaka masikio yakawaka, akaomba radhi kwa niaba ya tarafa nzima. Hilary akamwambia asijali. Kwao, alisema, watu wanatembeza mbwa kando ya mto, mbwa akijisaidia wanazoa kinyesi vizuri kwenye kifuko, wanakifunga fundo, halafu kifuko wanakitundika kwenye tawi la mti na kwenda zao. Unapita na baiskeli vinaning'inia usawa wa uso. Elinipa alicheka hadi akalazimika kuteremka.

Walipofika nyumbani, kicheko hicho kilimwishia palepale. Kwenye kigoda cha mama, kando ya kinu cha mama, alikaa binti mmoja amejifunga kitenge kipya cha mama, kile cha kanisani. Alikuwa Agnela, msichana wa mapokezi ofisini, aliyekuja mjini kutoka Iringa juzi tu baada ya Pasaka. Meno yake meupe pe.

Romanus akamvuta Elinipa pembeni. "Leo Agnela ndiye mwenye nyumba. Wewe tafsiri tu."

"Na mama?"

"Yuko jikoni. Nimeongea naye, kaelewa. Wala hajanuna."

"Umemwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba wageni wakiona mdomo wake wanashindwa kula."

Hakuna mgeni aliyewahi kusema hivyo, hata mmoja. Elinipa akaenda jikoni mbio. Mama alikuwa amechutama anapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu, usiohitaji kupulizwa. Hakugeuka. "Nenda, mwanangu," alisema. "Usije ukaharibu kazi kwa ajili yangu. Wageni wasikae peke yao."

Akatoka. Akisema ukweli, kazi imekwisha. Akinyamaza, mama ndiyo amehamia jikoni moja kwa moja, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe kwa kahawa hiyohiyo.

Hilary akamuuliza Agnela kama alizaliwa hapo au aliolewa hapo.

"Mwambie nimezaliwa hapahapa," Agnela alisema, ameushika mchi kwa ncha za vidole. "Na hii mikahawa nimeipanda mwenyewe."

Elinipa akatafsiri. Akatafsiri na la pili, na la tatu, kuhusu mavuno, kuhusu mbolea, uongo mtupu, na Romanus anatikisa kichwa kwa kuridhika. Elinipa alijiona anakula kitu kilichooza na kushukuru.

Mahindi ya kuchoma yakaletwa. Clive akala kwa uchu, halafu akasita, akakunja uso. Punje ilikuwa imemwingia pabaya. Bila wasiwasi wowote akaingiza vidole viwili mdomoni, akavuta, na safu nzima ya meno ya juu ikatoka. Ilikuwa inadondosha mate, ina nyuzi za mahindi. Akaitumbukiza kwenye kikombe cha maua chenye maji ya moto, ambacho Agnela alikuwa amekitoa kabatini, akaisuuza, akaikung'uta, akachungulia kama imetakata. Agnela akaziba pua na kutema mate pembeni. Maji ya kikombe yakageuka meupe kama maziwa.

Romanus yeye alikuwa anatabasamu. Tabasamu la masikio kwa masikio. "Jisikie nyumbani, mzee wangu," alisema kwa Kiingereza, akampa kitambaa cha karatasi kwa mikono miwili. "Hakuna shida kabisa."

Meno ya mzee hayakumtia Elinipa kinyaa. Mzee ni mzee, na mjomba wake naye alizikwa akiwa kibogoyo. Tabasamu lile ndilo lililomtia kinyaa. Kumbe kinyaa cha bwana huyu kinachagua mtu wa kumtembelea. Akavua barakoa, akaitupa motoni kwenye mafiga ya mahindi.

"Hilary," akasema, "tumewadanganya. Huyu dada hapa ni mgeni, ni kama nyinyi. Mwenye nyumba ni mama yangu. Amefichwa jikoni kwa sababu ana meno kama haya." Akawaonyesha.

Hilary akawa mwekundu. Clive, safu yake ingali mkononi, akauliza kwa sauti ya mapengo, mama huyo alifichwa asionwe na nani, na yeye?

"Mama," Elinipa akaita. "Njoo."

Mama akaja. Alikuja taratibu, upindo wa kanga ameuvuta mpaka puani, akawapa mkono huku anatazama chini. Hilary akamkumbatia. Clive akamchekea kwa fizi tupu, akaunyooshea kidole mdomo wake mwenyewe, akafanya kila kioja ili mama acheke. Mabega ya mama yakatikisika kidogo, kwa adabu. "Nimeacha kitu jikoni," akasema nyuma ya kanga, akarudi alikotoka.

Romanus akasogea karibu. Hakufoka. Alisema polepole, karibu kwa huruma: "Unaona sasa? Hata mwenyewe anajua."

Elinipa akavua kofia ya baiskeli, akamwekea mkononi. Hawakubishana. Agnela akavua kitenge, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kigoda na kuingia kwenye gari bila kuinua macho. Hilary alitaka kubaki, akaelezwa muda umekwisha. Wageni wakashuka na mto kwa baiskeli zao, gari likiwafuata nyuma.

Jikoni mama alikuwa anakoroga sufuria.

"Umeacha kazi?"

"Nimeacha."

"Hukufikiri, Eli."

"Sikufikiri."

Wakakaa. Moshi ulikuwa mwingi na hakuna aliyefungua dirisha. Elinipa alimtazama mama yake kwa pembe ya jicho, akamtaka arudi yule mama wa jana, wa kicheko, kwa njia yoyote. Akaokota la kusema.

"Unajua yule mzungu ameyatoa meno yake yote ya juu? Ya bandia. Akayaosha palepale mezani."

Mwiko ukasimama. "Kwenye nini?"

"Kikombe."

"Kikombe kipi?"

"Kile cha mchungaji."

Kikombe hicho cha maua hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kukigusa. Kilitolewa kabatini mchungaji akija, kikarudi kabatini akiondoka, na Jumapili hiyo alikuwa anakuja. Mama akajaribu kukasirika, akashindwa. Tumbo lilianza, yakafuata mabega, macho yakajaa machozi. Hapakuwa na mgeni. Walikuwa wawili tu, yeye na mtoto aliyemzaa, mwenye meno yaleyale. Mkono wa mama ukaenda mdomoni kwanza, ukayafunika meno, ndipo kicheko kikatoka.