Msumari wa Nne

Nilipunguza nguvu kidogo kwenye kompyuta, nikamwambia fundi viatu atabasamu tena. Shavu la kulia likapanda, la kushoto likalifuata bila kuchelewa.

"Safi," nikasema.

Mkewe alikuwa ameketi dirishani, mkoba mapajani. Akamtazama mumewe. "Safi kwa nani? Sasa anafanana na mgombea kwenye bango."

Miezi kumi nyuma, mshipa wa fahamu wa uso ulipooza upande wa kushoto, mdomo ukalegea. Wapasuaji wakampandikizia msuli wa bandia, utepe mwembamba uliofichwa chini ya ngozi kutoka shavuni hadi pembe ya mdomo. Shavu la kulia likikaza, nao unakaza. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuuwekea utepe kiasi, uvute lini na kwa nguvu gani. Kwa wiki tatu nilikuwa nikiupima kwa tabasamu, kwa kuwa wagonjwa wote waliomtangulia waliomba hilo.

"Mama, tabasamu lake la zamani lilikuwaje?" nikauliza.

"Nitalijua wapi? Mdomo wake ulijaa misumari asubuhi mpaka jioni. Ndiyo maana hatujagombana."

Fundi akacheka kidogo. "Hapo kasema kweli. Mkono mmoja unashika kiatu, wa pili nyundo. Misumari inakaa mdomoni, ulimi unaisukuma nje mmoja mmoja. Sasa inadondoka, naokota kila mmoja kwenye kopo. Soli ya robo saa inanila saa nzima, na wateja wanahamia kwa jirani. Nataka mdomo wangu wa kazi, mwanangu."

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Hukuuliza. Ulisema nicheke, nikacheka."

Nikafungua ukurasa mpya. Kutabasamu ni kuvuta na kuachia. Kushika ni kuvuta kidogo, usiachie. Nikapanga hivyo, nikampa kijiti cha pamba. Kilikaa. Hapo akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua: misumari ya viatu, mifupi kuliko ukucha wa kidole gumba.

Nikasita.

"Mwekee," mkewe akasema. "Miaka thelathini hajameza hata mmoja."

Nikaifuta kwa spiriti, nikaipanga upande wa kushoto. Wa kwanza ulikaa. Wa pili ukakaa. Wa tatu ukayumba, nikaongeza nguvu kidogo, ukatulia. Wa nne ulidondoka, ukabingirika chini ya meza, sote watatu tukiusindikiza kwa macho.

"Ongeza tena," akasema, baada ya kuitoa ile mingine.

"Leo basi. Msuli mpya haulazimishwi, dakika arobaini kwa siku zimeisha. Mitatu si haba?"

"Inatosha kiatu cha mtoto. Cha mkubwa kinaanzia mitano."

"Basi kesho saa tatu."

Akairudisha mitatu mdomoni, kuhakikisha tu, akamgeukia mkewe na kumnung'unikia kitu.

"Sikusikii," mkewe akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyerudi nyumbani kwake.

Walipoondoka niliandika daftarini: kushika, kushoto, mitatu. Kisha nikapiga magoti, nikauokota ule wa nne, nikauweka juu ya kibodi, mahali nitakapouona asubuhi.